Waafrika Waliojitafutia Kanisa la Kiorthodoksi

Kanisa la Kiorthodoksi la Uganda halikuletwa na wamisionari. Waafrika wenyewe ndio waliolitafuta. Mwanzilishi wake, Reuben Mukasa, maarufu kwa jina la Spartas, alikuwa Mganda wa Kianglikana aliyewahi kuwa askari wa keya, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Katika gazeti la Marcus Garvey, Negro World, alipata habari za Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, lililoanzishwa New York mwaka 1921 na George Alexander McGuire, mzaliwa wa Antigua. Kanisa la watu weusi lenye maaskofu weusi ndilo hasa alilolitamani. Tarehe 6 Januari 1929 akajitenga na Waanglikana.

Mapadri hakuwa nao. Alimwita Daniel William Alexander, askofu mkuu wa kanisa hilo Afrika Kusini, ambaye mwaka 1932 aliwapa upadri Spartas na mwenzake Obadiah Basajjakitalo. Kisha Mgiriki mmoja mkazi wa Uganda akaona jinsi Alexander alivyobatiza, akasema huo si ubatizo wa Kiorthodoksi. Wengi wangeyapuuza maneno hayo. Spartas aliuliza, akachunguza, akawasiliana na Nikodemos Sarikas, padri wa Wagiriki wa Tanganyika, na kupitia kwake akamfikia Patriaki wa Aleksandria. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa: Aleksandria imo Afrika, na kiti chake, kinachohesabu asili yake kwa Marko Mwinjilisti, ni cha kale kuliko Canterbury, kiti kikuu cha Waanglikana. Kukitii hakukuwa kurudi chini ya mkoloni. Mwaka 1946 Patriaki aliwapokea rasmi Spartas na wafuasi wake.

Kenya nako, kati ya 1935 na 1937, Alexander aliwafundisha mapadri wa Kikuyu, akiwemo Arthur Gathuna, kwa mwaliko wa watu wa shule huru zilizozaliwa na mgogoro kati ya Wakikuyu na wamisionari juu ya tohara ya wasichana. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga shule hizo pamoja na makanisa yake. Waumini walistahimili. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios, Rais wa Cyprus, ambaye Waingereza waliwahi kumhamishia Shelisheli, alikuja kubatiza maelfu ya watu na kuanzisha seminari ya Riruta, Nairobi.

Spartas, aliyefungwa na wakoloni baada ya ghasia za Buganda za 1949, alipata uaskofu miaka ya 1970 na kufariki 1982. Mwaka 1997 uongozi wa Kanisa la Uganda ulikabidhiwa Jonah Lwanga, mjukuu wa Basajjakitalo.