Chama Kinapomsahau Mtu: Somo la Handeni na la Edwin Mtei



Wapendwa wasomaji, juma hili tunataka kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi wamelipitia moyoni na wachache wamelisema hadharani, yaani mtu kuanza kukitilia shaka chama alichokiamini. Hatumsemi anayehama chama kwa kukosa cheo. Historia ya huyo ni fupi. Tunamsema yule aliyeamini kwa dhati, akatumika kwa uaminifu, kisha akafika mahali ambapo dhamiri yake na msimamo wa chama vikaachana njia. Mtu wa namna hiyo huelekea wapi, na huamini nini tangu siku hiyo? Historia ya nchi yetu ina mifano, na baadhi ya sababu zake zinaonekana vizuri kutoka hapa kwetu Handeni na kwa jirani zetu wa Korogwe.

Kwanza tukumbuke matumaini yalivyokuwa. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa sauti ya watu wasio na sauti. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na mkoa mzima wa Tanga, wafanyakazi waliokuwa wakihesabiwa kama mikono tu walijiunga na chama chao cha wafanyakazi wa mashambani, na wengi wao wakaona uhuru wa nchi na ujira wa haki kuwa ni safari moja. Miaka michache baada ya uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangaza usawa na kuwakataza viongozi kujilimbikizia mali, maaskofu wetu Katoliki, katika waraka wao wa mwaka 1968, walilipokea kwa moyo mwema. Haikuwa ajabu kuamini wakati ule. Ajabu ingekuwa kutoamini.

Hata hivyo, ufa wa kwanza ulikwisha kuonekana, tena katika mkonge huohuo. Mwezi Januari 1963, Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alikamatwa pamoja na mwenzake na kupelekwa kuishi Sumbawanga, mbali na mashamba na watu wake, kufuatia mgogoro wa migomo. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa, na mahali pake pakaundwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Hapo mkata mkonge alibakiwa na nani wa kumsemea? Aliyepaswa kumdai serikali haki yake alikuwa ndiye serikali. Mwaka 1965 katiba ikatamka kwamba chama ni kimoja, na mwaka 1968 wabunge kadhaa wakafukuzwa TANU, na kwa kufukuzwa chama wakapoteza na viti vyao bungeni.

Ufa wa pili ulipita katika vijiji. Wazigua wa nchi hii, kama wajuavyo wazee wetu, walikuwa wakikaa katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika. Wageni waliona jambo hilo kuwa ni kurudi nyuma. Lakini katika nchi ambayo mvua hunyesha upande mmoja wa kilima ikaacha upande wa pili, na ambako mbung'o waliwahi kuwamaliza ng'ombe, kutawanya makazi na mashamba kulikuwa na hekima yake. Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika juu ya Uzigua, ameeleza jinsi wenyeji walivyokuwa na maarifa yao ya kuidhibiti nchi na kuikabili njaa, na jinsi utawala wa kikoloni ulivyoyavuruga.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliijua hatari ya kulazimisha. Katika andiko lake la mwaka 1968 juu ya uhuru na maendeleo, alifundisha kwamba mtu haendelezwi na mwingine, hujiendeleza mwenyewe, na kwamba kijiji cha Ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mwezi Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na kwamba kabla ya mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 vijijini. Wengi walihama kwa amani. Lakini katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Mtafiti Michaela von Freyhold, aliyechunguza vijiji vya Ujamaa vya Mkoa wa Tanga na kuchapisha kitabu chake mwaka 1979, alionyesha jinsi ari ya wakulima ilivyofifia kadiri maamuzi yalivyotoka mikononi mwao na kuingia mikononi mwa maofisa. Tena si makazi peke yake. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilikwisha kuvunjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka na mashirika ya umma. Bei ya mahindi ikawa moja kwa nchi nzima, awe mkulima yuko karibu na soko au mbali. Aliyetaka kumpelekea nduguye magunia ya mahindi katika mkoa mwingine alihitaji kibali, na barabarani palikuwa na vizuizi. Vizuizi hivyo vililegezwa mwaka 1984, na mwaka 1987 vikaondolewa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanauchumi Friedrich Hayek, mzaliwa wa Austria, aliyehesabiwa miongoni mwa walimu wakuu wa itikadi ya uhuru wa mtu binafsi, alilisema jambo lilo hilo mwaka 1945 kwa njia ya kitaalamu: maarifa yanayohitajika kuendesha uchumi yametawanyika katika vichwa vya watu wengi, wala hakuna ofisi moja inayoweza kuyakusanya yote. Mkulima wa Handeni hakuwa na haja ya kumsoma Hayek. Alijua shamba lake lilipo udongo mzuri, na alimwona ofisa akimwelekeza mahali pasipo na maji.

Sasa tutoke kijijini twende Wizara ya Fedha, maana ndiko mtu mmoja wa ngazi ya juu alikofikia hitimisho linalofanana na la mkulima huyo. Edwin Mtei alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasoma Makerere, na mwaka 1966 akawa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania. Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi ilipovunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa Waziri wa Fedha. Hakuwa adui wa serikali. Alikuwa miongoni mwa waliojenga nguzo zake.

Mwaka 1979 nchi ilikuwa katika shida kubwa. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimeigharimu hazina, bei ya mafuta ilipanda, na fedha za kigeni zilikwisha. Mkonge, ambao mwaka 1964 uliipatia nchi takribani tani 230,000, ulikuwa umeporomoka. Kweli bei ya dunia ilishuka na nyuzi za viwandani zikashindana nao, lakini mashamba mengi yalikuwa yametaifishwa mwaka 1967, na usimamizi wake ulikuwa dhaifu. Mtei aliona kwamba lazima nchi ikubaliane na Shirika la Fedha la Kimataifa, ipunguze matumizi na kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu alikataa. Kwake, hilo lilikuwa sawa na kuukabidhi uhuru wa nchi kwa wakopeshaji. Mwezi Desemba 1979 Mtei akajiuzulu.

Tusilipite tendo hilo haraka. Katika nchi ya chama kimoja, waziri anayejiuzulu hana chama kingine cha kumpokea. Hakuenda msituni, hakutukana, wala hakubaki ofisini akitekeleza asichokiamini. Miaka michache baadaye alifanya kazi katika Shirika hilohilo la Fedha, akiwakilisha nchi za Afrika. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, yeye na wenzake walianzisha Chama cha Demokrasia na Maendeleo, Chadema, kikasajiliwa mwaka 1993. Msimamo wake wa kiuchumi ulikuwa wazi: soko huru, biashara binafsi, na serikali yenye mipaka. Upande mwingine Chama cha Wananchi, CUF, ambacho mmoja wa viongozi wake wakuu, Seif Sharif Hamad, alikuwa amefukuzwa CCM mwaka 1988, kilihubiri sera ya utajirisho. Basi waliosema kwamba mtu na mali yake na mawazo yake vitangulie mbele ya chama wengi wao walikuwa wametoka ndani ya chama chenyewe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu alitaka usawa, na watoto wengi wa maskini walisoma kwa sababu yake. Zaidi ya hayo, alikuwa na unyofu ambao viongozi wengi hawana. Mwaka 1984 alikiri waziwazi kwamba, kama angeanza upya, kuna mambo asingeyafanya, nayo ni kuvunja serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Mwaka 1985 aling'atuka, na mwaka 1990, angali Mwenyekiti wa CCM, akafungua mjadala wa vyama vingi. Mambo mawili aliyoyajutia yalikuwa na sura moja: katika yote mawili watu walinyang'anywa chombo chao wenyewe cha kuamulia mambo yao.

Je, basi uhuru wa mtu binafsi unatosha? Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Serikali ilipoanza kujiondoa katika uchumi, mkulima aliweza kuuza mahindi yake atakako, na duka likawa na sabuni. Lakini mashamba kadhaa ya mkonge yalibaki mapori, na wazee walioyatumikia maisha yao yote hawakuwa na pa kushika. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za serikali, na maskini akajifunza kwamba kuna uhuru wa kuchagua hospitali asiyoweza kuilipia. Aliyekichoka chama kinachomwamulia kila kitu anaweza kuangukia upande wa pili, akasema kila mtu abebe mzigo wake na jirani yangu hanihusu.

Mafundisho ya Kanisa yamekataa njia zote mbili. Papa Pius XI, mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: yale ambayo mtu, familia au jumuiya ndogo inaweza kuyatenda yenyewe, ni dhuluma kwa mamlaka kubwa kuyapokonya, na yale wasiyoyaweza, mamlaka kubwa inawajibika kuwasaidia. Papa Yohane Paulo II, aliyetutembelea Tanzania mwaka 1990, alirudia fundisho hilo katika waraka wake wa mwaka 1991, akikubali thamani ya soko na ya juhudi binafsi, lakini akikataa soko lisilo na sheria wala huruma. Kanuni hiyo ingaliwekwa mezani mwaka 1973, ingaliuliza swali moja tu: je, wenyewe wameulizwa?

Swali hilo halijazeeka, na limerudi hapa Handeni. Tangu mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa katika kijiji cha Msomera, wilayani kwetu. Serikali imesema wanahama kwa hiari, na imewajengea nyumba. Mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Human Rights Watch katika ripoti yake ya mwaka 2024, yamesema kwamba hiari hiyo si kamili, na kwamba baadhi ya wenyeji wa Msomera nao wamelalamikia ardhi yao kugawiwa wengine. Mgeni na mwenyeji wote ni jirani zetu. Kabla ya kuuliza chama gani kimesema nini juu yao, tuketi nao tuwasikilize, maana wao ndio wanaokilalia kitanda hicho.

Wapendwa, kadi ya chama si dhambi, na kuirudisha si utakatifu. Chama ni chombo. Chombo kikivuja hutengenezwa, na kisipotengenezeka huachwa. Mkello alihamishwa, Mtei alijiuzulu, mkulima wa Uzigua alinyamaza akarudi kulima shamba lake la zamani kwa siri. Kila mmoja kwa namna yake alikataa kuamini kwamba chama kinamjua kuliko anavyojijua mwenyewe. Kama katika jumuiya zetu ndogondogo juma hili mtazungumza siasa, basi mzee azungumze kwanza juu ya mwaka 1974, vijana wasikilize, na asiwepo wa kumkatiza kwa jina la chama chochote.

Tunawatakia Dominika njema.