Siku Tatu Mlangoni pa Canossa



Tusomapo historia ya Kanisa katika Zama za Kati, twasikia ya kwamba Papa aliweza kumwondoa mfalme katika kiti chake. Jambo hilo latushangaza, kwani Papa hakuwa na jeshi la kulingana na majeshi ya wafalme. Basi nguvu hiyo ilitoka wapi, nayo ilikomea wapi? Tutazame ugomvi wa Papa Gregori VII na Henri IV, mfalme wa Wajerumani.

Katika karne ya 11, askofu hakuwa mchungaji wa roho tu. Alimiliki ardhi, alikata kesi, alitoza ushuru na kumpelekea mfalme askari. Tena hakuwa na mwana halali wa kumrithi. Alipofariki, mfalme alimteua mwingine amtakaye na kumkabidhi pete na fimbo ya kichungaji. Penye mali wanunuzi hawakosi, na mara nyingi vyeo vitakatifu viliuzwa kama bidhaa.

Gregori, aliyeitwa kwanza Hildebrand, alichaguliwa mwaka wa 1073, akakusudia kuikomesha desturi hiyo. Henri hakukubali. Mwezi wa Januari 1076, yeye na maaskofu wengi wa Ujerumani walikutana Worms, wakatangaza kwamba Gregori si Papa tena. Mwezi uliofuata, Papa alimtenga Henri na Kanisa, akawafungua raia wake kiapo cha utii.

Hapo ndipo tunapoiona nguvu yenyewe. Utawala wa siku zile ulishikwa na viapo, na kiapo kiliapwa mbele ya Mungu. Aliyefunguliwa kiapo hakuhesabiwa tena kuwa mwasi. Wakuu wa Ujerumani waliokuwa na kinyongo na Henri, hasa wale wa Saksonia, walipata sababu halali: wakamtaka apatanishwe na Kanisa kabla ya mwaka kutimia, la sivyo asingekuwa mfalme wao. Neno la Papa lilikata kwa sababu lilikuta panga zilizokwisha kunolewa.

Henri alivuka milima ya Alpi wakati wa baridi kali, akafika Canossa, ngome ya Matilda wa Toscana, alikokuwa Papa. Mwishoni mwa Januari 1077, kwa siku tatu, alisimama mlangoni bila viatu, amevaa vazi la kitubio. Matilda, pamoja na Hugo, abati wa Cluny na baba wa ubatizo wa mfalme, walimwombea. Gregori alikuwa kasisi. Hakuweza kumfungia mlango mtu aliyetubu. Akamwondolea adhabu.

Wengi huishia hapo na kusema kwamba Kanisa lilishinda. Lakini wakuu wale walijiona wameachwa, wakamchagua mfalme mwingine, Rudolf wa Rheinfelden, na vita vikaanza. Mwaka wa 1080 Papa alimtenga Henri mara ya pili. Safari hii silaha ile ilikuwa butu, kwani maaskofu wengi wa Ujerumani walibaki upande wa mfalme. Mwaka wa 1084 Henri aliingia Roma, akamweka Papa wake, naye akamvika taji la kaisari. Wanormani waliokuja kumwokoa Gregori waliupora mji. Yeye, ambaye leo Kanisa linamheshimu kama Mtakatifu, alifariki uhamishoni Salerno mwaka wa 1085.

Suluhu ilipatikana Worms mwaka wa 1122, kati ya Papa Kalisti II na Henri V. Mfalme aliacha kutoa pete na fimbo, alama za uchungaji. Alibaki na haki ya kumkabidhi askofu mamlaka ya ardhi kwa fimbo ya kifalme. Kitu kilichochanganywa kwa muda mrefu kilianza kutenganishwa.

Tunajifunza nini? Uhuru wa Kanisa kuwachagua wachungaji wake ulistahili kupiganiwa. Lakini kila mara Kanisa lilipoazima upanga wa wakuu ili kuupata, mwenye upanga alidai malipo yake, na maskini wa Saksonia na wa Roma ndio waliolipa. Katika vikundi vyetu, tuulizane: tunapotetea haki, tunaegemea nguvu ipi, na nani ataulipa mkopo huo?