Mahema Kando ya Safari: Historia ya Mbio za Magari ya Kale na Njia ya Kuzifikia kutoka Buhemba

Mbio za magari za Afrika Mashariki, ambazo tangu mwaka 1953 zimejulikana kwa neno moja tu la Safari, zilizaliwa bila kiwanja, bila majukwaa ya kukalia na bila lango la kukatia tiketi, na kwa sababu hiyo mtu aliyetaka kuziona hakuwa na njia ila kuzifuata porini, kutandika mkeka kando ya barabara na kungoja. Historia yake huandikwa zaidi kwa majina ya madereva na ya viwanda vya magari, lakini iko historia ya pili isiyopungua uzito, nayo ni ya watazamaji waliopiga kambi njiani usiku kucha. Historia hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mkazi wa Buhemba, eneo la wilaya ya Butiama mkoani Mara lililojulikana kwa mgodi wake wa dhahabu, ambaye leo anapanga kwenda na hema lake kutazama magari ya kale yakishindana.

Mashindano ya kwanza yaliitwa Coronation Safari, kwa kuwa yalifanyika mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo lilitokana na mazungumzo ya Eric Cecil, mmoja wa waasisi wa mbio hizi, na binamu yake Neil Vincent, ambaye hakuona raha yoyote ya kuzunguka mara kwa mara katika kiwanja kilekile, bali alitaka mashindano ya kukata nchi. Magari yalikuwa yaleyale ya kununuliwa dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei badala ya ukubwa wa injini, utaratibu uliokuwa na busara kubwa, kwa sababu mnunuzi aliweza kujua gari lipi la kiasi cha fedha alichokuwa nacho lingestahimili barabara zake. Nchi zote tatu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, hali iliyodumu hadi mwaka 1966 kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake, hivyo mkulima wa pamba wa Bunda angeweza kununua chakula Nairobi au Kampala kwa shilingi ileile aliyolipwa nyumbani. Hata hivyo, usawa wa fedha haukuwa usawa wa watu: waliofika kwa magari na mahema katika miaka hiyo ya ukoloni walikuwa hasa Wazungu na Waasia, ilhali wanavijiji Waafrika walifika kwa miguu, na wengi wao ndio walioyasukuma magari yaliyokwama.

Kukwama kulikuwa sehemu ya mashindano yenyewe, hasa baada ya tarehe yake kuhamishiwa Pasaka, majira ambayo masika huwa yameshika kasi. Udongo wa mbuga, yaani ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka utelezi mzito unaponyeshewa, ulimeza magari yaliyoundwa kwa barabara za Ulaya. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, na mwaka 1968 idadi ya waliomaliza ikawa 7 tena, safari hiyo kati ya magari 93. Mashindano yaliendelea mchana na usiku katika barabara ambazo hazikufungwa kwa wasafiri wengine, kila gari likiondoka kwa zamu na kuhesabiwa adhabu kwa dakika lilizochelewa kufika katika vituo vya udhibiti, ambavyo ni mahali ambapo wasimamizi hugonga muhuri wa muda katika kadi ya dereva. Mtazamaji hakuweza kujua kwa hakika gari la kwanza lingepita saa ngapi, wala kama mto alioutegemea kuuvuka ungepitika, na ndiyo maana desturi ya kufika mapema, kuwasha moto na kulala palepale ikawa jambo la lazima kabla haijawa burudani.

Katika kipindi hicho cha matope ndipo wenyeji walipothibitisha kuwa maarifa ya barabara huzidi nguvu za kiwanda. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Kwa msomaji wa Tanzania, hata hivyo, jina linalostahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa sasa ni la Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake Dar es Salaam, ambaye pamoja na Chris Rothwell, msoma ramani wake, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Madereva kutoka ng'ambo walisubiri hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda kwa Ford Escort. Ushindi wa Peugeot ulikuwa na maana ya pekee kwa watu wa kawaida, kwa sababu 404 na mrithi wake 504 yalikuwa magari waliyoyapanda wenyewe kama teksi za masafa marefu.

Kilichofuata ni kupotea kwa mashindano haya upande wa Tanzania. Kuanzia mwaka 1974 njia yake ilibaki ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, hivyo Sirari, mji wa mpakani ulio karibu na Tarime, ukawa mwisho wa safari kwa mtu wa Mara. Safari Rally yenyewe iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na ilirudishwa mwaka 2021 ikiwa na makao yake Naivasha, katika hatua fupi zilizofungwa kwa wasafiri.

Mrithi halisi wa desturi ya zamani, kwa kipimo cha makala hii, si mashindano ya Naivasha bali ni East African Safari Classic Rally, yaliyoanzishwa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari ya kwanza. Magari yanayoruhusiwa ni ya kale, yaani ya miundo iliyokuwa ikishindana katika enzi ya mwanzo ya Safari na miaka iliyoifuata, yenye kusukumwa na magurudumu mawili tu badala ya manne. Humo ndimo Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari ya mwaka 1977, alipoibuka tena mshindi mwaka 2007 na 2011 akiwa na mwanawe Mathias kama msoma ramani. Tena, na hili ndilo lenye uzito zaidi, matoleo kadhaa ya mashindano hayo yamevuka mpaka na kuingia Tanzania, jambo ambalo Safari kubwa imeliacha tangu mwaka 1974.

Mashindano haya huhama kila siku na kuchukua zaidi ya wiki moja, hivyo mwenye kupanga safari kutoka Buhemba hana budi kuamua kwanza kama atakaa kambi moja na kuona siku moja au mbili za ushindani, au atayafuata magari na kulipia mafuta mengi. Uamuzi wa kwanza ndio bora kwa familia. Kutoka Buhemba msafiri hupitia Butiama hadi Makutano, huingia barabara kuu ya Mwanza na Sirari, huvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, kisha hupita Tarime na kuingia Kenya kwa Isebania. Kutoka hapo njia ya Migori, Kisii, Bomet na Narok humfikisha Bonde la Ufa. Mpakani huhitajika pasi au hati ya muda ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari pamoja na kibali cha kuliingiza kwa muda, na bima inayotambulika nje ya nchi, ambayo wengi huifahamu kama kadi ya njano ya COMESA. Hati hizi ni heri ziandaliwe wiki kadhaa kabla, kwa kuwa magari ya mashindano hayamngoji aliyezuiwa Sirari.

Matoleo mengi yamefanyika mwishoni mwa mwaka, wakati wa mvua za vuli, kwa hiyo hema liwe na turubai la juu na lipigwe mahali palipoinuka, mbali na mkondo wa maji, nayo madumu ya maji, jiko la gesi na blanketi zito visisahaulike, maana nyanda za juu za Kenya zina baridi ya usiku ambayo mtu wa pwani ya Ziwa Victoria hakuizoea. Anayepiga kambi Naivasha hana budi kukaa mbali na ukingo wa ziwa, kwa kuwa viboko hutoka usiku kula majani. Wakati wa mbio, watazamaji husimama upande wa ndani wa kona na juu ya ukingo, kwani gari linaloteleza hutupwa upande wa nje, na watoto hushikwa mkono hata baada ya gari la kwanza kupita, kwa sababu la pili hujificha ndani ya vumbi lake.

Njia ya mashindano inapoletwa Arusha, mpango wote hubadilika. Mkazi wa Buhemba huweza kwenda mashariki kupitia Nata na lango la Ikoma, akakata Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kutokea Ngorongoro, safari ambayo ni fupi kwa ramani lakini ina ada za kuingia katika maeneo mawili yaliyohifadhiwa, kokoto zinazokata matairi na marufuku ya kusafiri usiku. Au huweza kuzunguka kwa lami kupitia Mwanza, Shinyanga, Singida na Babati, njia ndefu zaidi isiyo na ada za hifadhi. Mwenye gari dogo lililobeba mahema na watu watano achague ya lami, na aondoke siku nzima kabla ya ile aliyokusudia.