London hadi Johannesburg: kilomita zile zile, saa tofauti

Ukipiga mstari ulionyooka, kutoka London hadi Johannesburg ni kilomita elfu tisa na ushee. Leo ndege huzimaliza kwa saa kama kumi na moja. Muda huo umepungua kwa nguvu za injini, lakini zaidi ya mara moja umerefushwa na watu walioko chini.

Mwaka 1932, kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilipoanza kupeleka abiria hadi Cape Town, kufika Johannesburg kulichukua siku kama kumi. Jioni ndege ilitua, abiria wakalala hotelini, kukipambazuka wakaondoka tena. Vituo vyake vinasomeka kama ratiba ya basi: Khartoum, Malakal, Juba, Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Salisbury. Kutoka Khartoum hadi Kisumu walipanda Short Calcutta, ndege ya injini tatu iliyotua majini. Abiria walikaa ndani, wamejistiri. Marubani walikuwa mbele yao mahali pasipo na paa, jua lao, mvua yao. Kisumu ndege ilishukia ziwani, na abiria wakahamia ndege ya magurudumu.

Tena, sehemu ya safari hiyo ya ndege ilikuwa ya treni. Waingereza na Waitalia hawakuelewana kuhusu njia za anga, hivyo abiria walisafirishwa kwa reli kutoka Paris hadi Brindisi, kusini mwa Italia, ndipo wakaendelea.

Tarehe 2 Mei 1952 ikaja ndege ya Comet, na safari ya kwanza ya ndege ya jeti iliyobeba abiria wa kulipa ikawa hii hii ya London na Johannesburg. Ilijaza mafuta Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kesho yake baada ya saa zisizotimia ishirini na nne. Sifa zilikuwa nyingi, lakini mwili wa ndege ulikuwa ukichoka kwa shinikizo la hewa bila watu kujua. Januari 1954 ndege ile ile ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa wote 35 waliokuwamo.

Mambo yaligeuka mwaka 1963. Nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa, zikaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na kukubaliana kuifungia anga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Ndege za shirika la Afrika Kusini zikalazimika kuzunguka bara kupitia Bahari ya Atlantiki na kujaza mafuta kisiwani Sal, Cape Verde, huku za Waingereza zikiendelea kukatiza bara. Kwangu mimi hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya njia hii: nchi ambazo nyingi hazikuwa na jeti hata moja ziliweza kumrefushia tajiri safari yake. Makaburu walijibu kwa kununua Boeing 747SP, zilizoanza kuwafikia mwaka 1976, kwa kuwa ziliweza kwenda mbali bila kutua. Anga ilifunguliwa ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Safari ikarefushwa tena Agosti 2023: wanajeshi waliopindua serikali ya Niger walifunga anga ya nchi yao ghafla. Anga ya Sudan ilikuwa imekwisha kufungwa kwa sababu ya vita, na ya Libya ilikuwa ikikwepwa na mashirika mengi. Baadhi ya ndege zilizokwisha kuondoka Ulaya kuja Afrika ziligeuza njiani zikarudi zilikotoka. Nyingine zikazunguka, hadi Niger ilipofungua tena mwezi uliofuata.