Ubunifu kwa kompyuta shuleni: Mbinga na Nyasa wana pa kuanzia

SOMO la teknolojia kwa vitendo, ambalo kwa miaka mingi lilionekana kuwa la shule chache za mijini, sasa limo katika mitaala ya nchi nzima. Tangu Januari 2024 elimu ya sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 1, 2025, inataka mwanafunzi amalize shule akiwa na ujuzi wa kufanya jambo kwa mikono yake.

Kwa wilaya za Mbinga na Nyasa mkoani Ruvuma, swali si iwapo somo hilo linafaa, bali lianzie wapi. Jibu lililozoeleka ni kompyuta: zipatikane nyingi, ziwekwe katika chumba chenye nondo madirishani, ndipo mwalimu aanze kufundisha. Shule inayosubiri hivyo inaweza kusubiri miaka. Mazingira ya wilaya hizo yanaonyesha njia nyingine, ya kuanza na kipimo na mkono, kompyuta ikafuata.

Ubunifu kwa kompyuta, kwa lugha nyepesi, ni kuchora kitu kwenye kioo kwa vipimo kamili kabla ya kukitengeneza. Mchoro huo unaweza kugeuzwa, kukatwa, kupunguzwa au kuongezwa bila kupoteza ubao wala bati. Kosa linalogunduliwa kwenye kioo halina gharama. Lile linalogunduliwa baada ya chuma kukatwa lina gharama kubwa. Kazi hii ni tofauti kabisa na kujifunza kuandika barua au kujaza jedwali, mambo ambayo katika shule nyingi ndiyo yamekuwa somo zima la kompyuta.

Programu za kazi hiyo zipo za bure. FreeCAD na LibreCAD hufanya kazi bila intaneti zikishawekwa kwenye mashine, jambo lenye maana kubwa kwa shule za kando ya ziwa kama zile za Lituhi au Liuli. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani, humfundisha mtoto kupanga amri za kompyuta kwa kuunganisha vipande vya rangi, nayo pia ina toleo lisilohitaji mtandao. Kwa upande wa vifaa, kuna kibao kidogo cha umeme kiitwacho Arduino, kilichobuniwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Huweza kuwasha taa, kupima joto au kuzungusha mota kwa amri alizoandika mwanafunzi mwenyewe.

Lakini mwanafunzi abuni nini? Hapa ndipo Mbinga ina utajiri ambao shule nyingi za Dar es Salaam hazina.

Milima ya Umatengo, ambayo sehemu zake hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imejaa vijito, na Mto Ruvuma wenyewe huanzia huko. Darasa likienda kijitoni na ndoo ya lita 20 na saa, likaona ndoo inajaa kwa sekunde 2, limekwishajua kwamba maji yanapita lita 10 kwa sekunde. Wakipima kwa kamba na kukuta maporomoko ya mita 3, hesabu ya fizikia inafuata: 10 mara 3 mara 9.8, yaani wati 294. Nusu ikipotea kwenye gurudumu, mkanda na dainamo, hubaki takribani wati 147, zinazotosha kuwasha taa 29 za wati 5. Sasa kuna sababu ya kukaa mbele ya kompyuta: gurudumu liwe na mapanga mangapi, na kwa kipenyo gani? Mchoro ukikamilika, mfano wa kwanza hukatwa kwa boksi gumu, wa pili kwa bati.

Wazo hilo si geni huko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na shirika la Japani la JICA, kijiji cha Kindimba kilijenga mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa na nguvu ya maji. Kabla ya hapo, watafiti wa ushirikiano huo walitumia miaka kadhaa kuchunguza kilimo cha ngoro, ambacho Wamatengo walikibuni wenyewe kwenye miteremko mikali. Nyasi zilizofyekwa hupangwa katika miraba, udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi hizo, na mashimo yanayobaki huzuia maji ya mvua yasibebe udongo. Ukweli ni kwamba ngoro ni usanifu kamili, ingawa haukuchorwa popote. Mwanafunzi anayechora shamba la babu yake kwenye kompyuta, akipima mteremko na kina cha shimo, anajifunza jiometri ya pande tatu pasipo kuhitaji mfano wa kuazima kutoka kitabu cha nje.

Ukishuka barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, tatizo la kubuni linabadilika. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku usio na mbalamwezi, wakiwavuta samaki kwa mwanga. Katika maziwa ya Afrika Mashariki karabai za mafuta ya taa zimekuwa zikiziachia nafasi taa za LED za betri. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7 ina wati-saa 84. Taa ya wati 10 ingewaka kwa saa 8 hivi. Hata hivyo, betri ya asidi haipendi kukamuliwa hadi mwisho. Ikitumiwa nusu tu ili idumu, saa hizo huwa 4, na usiku wa ziwani ni mrefu kuliko hapo. Je, ziwekwe betri mbili, au taa ipunguzwe nguvu? Boksi lake lizuie vipi maji ya mawimbi, na liwe jepesi kiasi gani ili mtumbwi usielemewe? Hilo ni tatizo la uhandisi lililo kamili, na baba wa mwanafunzi anaweza kulikagua usiku huohuo.

Mifano ya Watanzania waliofuata njia hiyo ipo. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alikuja kufahamika kwa kubuni vifaa kama chaja ya simu inayotumia mwendo wa baiskeli, na kituo cha Twende mjini humo kimekuwa kikiwafundisha wanafunzi kubuni kwa vifaa vya kawaida. Tanga kuna bustani ya sayansi ya Projekt Inspire. Nchini Togo, Afate Gnikou alitengeneza mwaka 2013 mashine ya kuchapa vitu vya pande tatu kwa kutumia mabaki ya printa na kompyuta zilizotupwa.

Karibu zaidi, Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 waliendesha karakana za ufundi zilizowapatia Songea na Mbinga maseremala na waashi wengi. Mbinga kuna pia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja cha vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Shule ya sekondari isiyo na karakana inaweza kuazima ya jirani kwa siku moja ya wiki. Ni suala la mpangilio kuliko fedha.

Kuhusu umeme, kisingizio cha zamani kimepungua nguvu. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018, iliuunganisha mkoa na gridi ya taifa na kuiondoa miji yake katika utegemezi wa jenereta za dizeli.

Kikwazo kigumu zaidi ni cha zamani kuliko kompyuta zenyewe. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iunganishe kichwa na mkono. Katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi na maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe pamoja na mtihani. Mengi ya hayo yalififia. Karakana zilichakaa, na wazazi, kwa haki kabisa, walitazama kile kilichompeleka mtoto kidato cha tano. Kompyuta nayo ilipitia njia yake: uingizaji wake nchini ulipigwa marufuku mwaka 1974, somo lake likaingia sekondari katika miaka ya 1990 kama la hiari, na Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi ikatoka mwaka 2007.

Mwalimu wa fizikia anayewapeleka wanafunzi kijitoni kwa alasiri tatu anapoteza vipindi ambavyo mwenzake anavitumia kukariri maswali ya miaka iliyopita. Kama gurudumu la maji halina alama, atakayeadhibiwa na matokeo ni yeye na wanafunzi wake. Mkondo wa amali umekusudia kuondoa kasoro hiyo kwa kumpa mhitimu cheti cha sekondari pamoja na cha ufundi, lakini wanafunzi wa mkondo wa jumla hawamo katika mpango huo wa vyeti viwili.

Kundi la kwanza la amali, lililoingia kidato cha kwanza Januari 2024, linatarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027.