TAREHE SI USHAHIDI



Wiki hii mama mmoja wa kanisa aliniletea sarafu kubwa ya fedha aliyoachiwa na nyanya yake huko Pwani. Imeandikwa 1780. Akaniuliza, "Mchungaji, hii ni ya kweli? Niiuze nilipe karo?"

Hiyo ni reale ya Maria Theresa, aliyetawala Austria na kufariki mwaka huo huo wa 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wameizoea sura yake, wakawa hawaamini fedha nyingine. Kwa hiyo, hata baada ya yeye kuzikwa, sarafu yake iliendelea kupigwa chapa Vienna, na katika karne ya 20 pia Rome, London na Bombay. Zote ziliandikwa 1780! Katika karne ya 19 reale hizo zilitumika sana katika biashara ya Zanzibar na Mombasa.

Basi tarehe peke yake haithibitishi kitu. Utaijuaje ya kweli?

Ipime. Inatakiwa iwe na uzito wa gramu 28 hivi. Isogezee sumaku, fedha haivutwi. Kisha igeuze uangalie ukingo wake. Pale pana maneno ya Kilatini, herufi zimeinuka, maana yake "Haki na Huruma". Wanaoghushi hukazana na uso, lakini ukingo mara nyingi huwaumbua.

Na hali yake je? Kuchakaa kwa kupita mikononi mwa watu si aibu. Kinachoiharibu ni kuisugua ing'ae. Ukiisugua unaikwangua, na wakusanyaji wa sarafu huiona mara moja, bei ikashuka. Mama yetu alikuwa ameshaandaa majivu na limau. Nikamzuia.

Tulikwenda kwa sonara. Mizani ikasoma 28, kasoro kidogo. Ni fedha kweli, ingawa haitamaliza karo yote. Tunaendelea kumwamini Mungu kwa iliyobaki.

Mpendwa, kanisani tunapenda kutaja tarehe. Mimi mwenyewe husema, "Niliokoka 1996, nikiwa kidato cha pili." Lakini Belshaza katika Danieli 5 hakuulizwa tarehe. Alipimwa kwenye mizani, akaonekana amepungua.

Wewe uliyeokoka juzi, usijidharau. Reale iliyopigwa chapa London ilikuwa na fedha ile ile na uzito ule ule wa ile ya Vienna. Na wewe mkongwe, usijisugue ung'ae Jumapili tu. Geuza ukingo wako: mfanyakazi wako wa nyumbani anaona haki? Jirani anayekudai anaona huruma? Soma Zaburi 85:10 uone jinsi rehema na haki zinavyokwenda pamoja.

OMBA NAMI: Bwana, nipime leo, kabla ya siku ile. Panapopungua, ongeza neema yako. Katika jina la Yesu, Amina.