Chokaa ya Wazee na Rangi ya Kung'aa

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya ukuta wa ndani, kwa sababu ukuta wa chumba cha mama yangu, huko Mji wa Kale, Mombasa, umenitia adabu.

Miaka michache iliyopita nilitaka kumfurahisha mama. Nikanunua rangi ya mafuta, ile inayong'aa hata ukauona uso wako. Nikamwambia fundi akwangue chokaa yote kuukuu, apige plasta ya saruji, kisha apake. Ikapendeza kwelikweli, majirani wakaja kutazama. Masika ya kwanza rangi ikavimba malengelenge. Ya pili ikabanduka vipande vipande, na nyuma yake ikachomoza chumvi nyeupe kama unga. Chumba kikanuka ukungu, mama akawa anakohoa usiku kucha.

Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa chokaa. Akapapasa ukuta, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "nyumba hii umeiziba pumzi."

Mzee yule alisema kweli, na historia ni shahidi wake. Mwaka 1498, mwandishi aliyesafiri na Vasco da Gama aliusifu mji wa Malindi kwa nyumba zake ndefu zilizopakwa chokaa vizuri. Ufundi huo Mreno aliukuta hapa hapa. Wazee wetu walichukua mawe ya matumbawe, wakayapanga juu ya lundo la magogo, wakayachoma, wakayazimua kwa maji, kisha wakaiacha chokaa itulie muda mrefu kabla ya kuitumia. Katika nyumba kubwa za Lamu za karne ya 18, kuta na vidaka vilisuguliwa chokaa hadi vikawa laini na vyeupe, na mwanga mdogo wa uani ukafika vyumba vya ndani.

Kumbe haikuwa urembo tu. Ukuta wa mawe hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini. Chokaa huyaacha maji yatoke na kukauka. Saruji na rangi ya mafuta huyafungia ndani, chumvi ikajijenga nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ibanduke.

Siilaumu saruji. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kuitengeneza mwaka 1954, kilitumia mawe yale yale ya matumbawe, ila kwa moto mkali zaidi na mchanganyiko mwingine. Nyumba ya matofali ya saruji, yenye msingi mkavu, ipake rangi ya maji upendavyo. Na jikoni rangi ya mafuta hufutika masizi kwa urahisi. Kosa langu lilikuwa kuivisha nyumba ya mawe nguo isiyo yake.

Tumekwangua yote. Tumepiga plasta ya chokaa, tukaiacha ikauke polepole, tukapaka chokaa nyepesi mara tatu. Ukuta haung'ai tena, lakini harufu imekwisha na mama analala.

UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Zanzibar katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Hata hivyo, nyumba hizo zitahifadhiwa au zitaharibiwa na sisi tunaokaa ndani, tukiwa na brashi mkononi. Kabla hujafungua kopo la rangi, uliza kwanza ukuta wako umejengwa kwa kitu gani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.